Imefunguliwa Lini?

Katika matangazo ya magari yaliyotumika hapa Tanzania kuna sentensi moja ninayoichukia. Ninasoma shahada ya uzamili ya isimu, kwa hiyo kugombana na sentensi ni sehemu ya kazi yangu, lakini hii imezidi. Inasema: "Injini haijafunguliwa." Utaikuta kwenye matangazo ya magari ya kila aina, ila haikosekani kwenye magari ya mbio, na zaidi kwenye Subaru Impreza yenye turbo, ile WRX ambayo vijana wa umri wangu huanza kuiota kabla hawajapata leseni. Haiji peke yake. Huja na jamaa zake: imetunzwa sana, mmiliki mmoja, AC inagandisha, wewe ni kuweka mafuta na kuondoka, ilikuwa inaendeshwa na mwanamke. (Hili la mwisho naliacha lipite. Mimi ni mwanamke, na jinsi ninavyoendesha hakuna dalali atakayethubutu kuandika kwenye tangazo.)

Hoja yangu ni fupi. Kwa gari la mbio lenye miaka kumi na minane au ishirini, injini ambayo haijafunguliwa ni deni. Muuzaji anayeitangaza kwa fahari anakwambia kwamba kazi zote zilizotakiwa kufanywa ndani ya chuma kile bado zinasubiri, na kwamba atakayezilipia ni wewe. Ubaya wa sentensi yenyewe ni kwamba mara nyingi ni ya kweli.

Tunaitamka kana kwamba injini ni chupa ya soda. Soda isiyofunguliwa ni salama, gesi yake imo, hakuna aliyeweka mdomo. Simu mpya haijafunguliwa boksi. Shehena bandarini haijafunguliwa. Injini haifanani na vitu hivyo hata kidogo, kwa sababu injini inajila yenyewe tangu siku ya kwanza inapowashwa, na walioitengeneza waliliandika hilo kwenye kitabu chake: hiki kibadilishwe baada ya kilomita kadhaa, hiki kikaguliwe, hiki kipimwe. Sokoni neno limetanuka mpaka limechanika. Hata kubadilisha mkanda wa taimingi, kazi isiyogusa pistoni wala valvu, kuna wauzaji wanaoificha wasije wakaulizwa, "Kwani ilifunguliwa?"

Nisiwe mbishi kupita kiasi. Woga wa kufungua una chimbuko lake. Nimekulia uani kwa mjomba wangu, fundi wa Ilala, na tangu kidato cha pili nilikuwa nikiandika risiti zake kila likizo. Nimeona injini zilizofunguliwa na watu wasiostahili kufungua hata kopo la maziwa. Boliti za silinda hedi zimekazwa kwa kukisia, mtu ananing'inia kwenye bomba refu, spana ya kupimia mkazo hajawahi kuishika. Gasketi kuukuu imerudishwa kwa kupakwa siliko. Siliko yenyewe imewekwa nyingi mpaka imefumuka kwa ndani, ikakatika vipande, ikaenda kuziba kile kichujio cha wavu kinachovuta oili chini ya sampu. Injini inakufa kwa kiu huku oili ipo. Aliyewahi kulipia msiba wa namna hiyo, ukimwambia gari imefunguliwa lazima ashtuke. Ana haki.

Lakini kutoka "ilifunguliwa vibaya" kwenda "isifunguliwe kabisa" ni kuruka mto bila kuangalia upana wake. Ukweli ni kwamba tumeshindwa kutofautisha fundi mzuri na fundi mbaya, tumekosa karatasi ya kututofautishia, basi tukaamua fundi bora ni yule ambaye hajawahi kuligusa gari. Sijui ni ufundi gani mwingine tunaoufanyia hivi. Hatusemi, "Mtoto huyu hajawahi kupelekwa kliniki, mchukue."

Naichagua Impreza kwa sababu naipenda, na kwa sababu huku kwetu ina historia. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally akiwa nayo, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena nayo. Safari ni mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo ushindi ule kwa wajomba zetu haukuwa habari ya mbali. Injini yake ya EJ20 ilitoka mara ya kwanza mwaka 1989 ikadumu miaka thelathini. Toleo la kuiaga huko Japani lilikuwa la magari 555 tu, namba ambayo mpenzi yeyote wa rali anaikumbuka ubavuni mwa zile gari za bluu. Pistoni zake hazikusimama wima kama za Toyota nyingi. Zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, kama mabondia wanaorushiana ngumi. Ule mngurumo wa kukatika-katika ambao mtoto wa Sinza anautambua kabla gari halijakata kona, unatokana na mabomba ya ekzosti yasiyolingana urefu. Ni injini nzuri. Ni injini inayodai.

Inadai nini, kila fundi wa Subaru anajua. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, pamoja na puli zake na kikazio chake. Ni mpira wenye meno, na mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama. Siku ukikatika, valvu na pistoni hukutana mahali ambapo hazikupangiwa kukutana.

Kisha oili. Injini hizi, hasa zenye turbo na umri, zinaipunguza. Ringi zikichoka inapita, turbo ikichoka inapita. Kupungua kwenyewe kunavumilika kama mwenye gari anafungua bonneti na kuvuta stiki kila anapojaza mafuta. Havuti. Anangoja taa nyekundu ya kopo la oili kwenye dashibodi, na laiti ningepewa nafasi ya kubandika tangazo moja tu kila kituo cha mafuta nchini, ningeandika kwamba taa ile haipimi kiasi cha oili. Inapima presha. Ikiwaka maana yake oili haifiki tena inapotakiwa, na kwa injini ya turbo iliyokuwa inakimbia, kitu fulani ndani kimeshaanza kuchubuka. Sampu inachukua lita nne na ushei. Kati ya alama ya juu na ya chini kwenye stiki kuna kama lita moja. Hiyo lita moja ndiyo inayotenganisha gari na chuma chakavu.

Kinachochubuka kwanza mara nyingi ni beringi za konrodi, vile vipande vyembamba kama nusu bangili vinavyokaa kati ya konrodi na krenki. Haviguswi na krenki, vinatakiwa kuelea juu ya utando wa oili. Utando ukikatika, chuma kinalamba chuma, na unasikia ile tok-tok-tok ambayo mtaani tunaiita kunoki.

Turbo nayo inazunguka kwa kasi ambayo akili haiielewi na inategemea oili hiyohiyo. Kwenye baadhi ya injini hizi, ndani ya boliti inayoleta oili kwenye turbo kuna kichujio kidogo cha wavu, kidogo kiasi kwamba ukikiweka kwenye ukucha kinatosha. Oili ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa, matope yake yanaziba pale. Turbo inakufa kwa sababu ya kitu ambacho kingesafishwa kwa nusu saa.

Petroli pia. WRX za soko la Japani zilipangiwa petroli ya oktani ya juu ya kule, na kwenye mlango wa tangi huwa imeandikwa, kwa Kijapani. Kijana akinunua, haisomi; anakwenda kwa mtu mwenye laptopu aongezewe presha ya turbo ili ekzosti ipige risasi mbele ya baa. Kwa injini kubwa zaidi ya familia hiyo, ile ya lita 2.5 yenye turbo, mwisho wake unajulikana duniani kote: ule ukuta mwembamba wa pistoni unaoshikilia ringi unapasuka. Kwa ya lita 2.5 isiyo na turbo, gasketi za hedi ndizo zinazovuja. Hayo nayapita haraka kwa kuwa hapa kwetu WRX nyingi ni za lita 2.0, lakini ukiambiwa "ina injini kubwa ya kimarekani", uliza.

Hakuna hata moja kati ya haya lililo siri, na ndiyo maana nimekasirika. Ugonjwa unaojulikana una tiba inayojulikana na bei inayojulikana. Kwa hiyo ukiniambia kuwa gari lina miaka ishirini na injini haijafunguliwa, nitakutafsiria: ringi hazijapimwa, gasketi ni za tangu kiwandani, ile boliti ya turbo hakuna aliyeitoa, na mkanda ni wa pili kama Mjapani alikuwa mwaminifu, wa kwanza kama hakuwa.

Kwa kawaida Mjapani alikuwa mwaminifu. Hili linanishangaza zaidi ya yote. Gari la binafsi kule linakwenda kwenye ukaguzi wa lazima likifika miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Lina kijitabu cha matengenezo, na mara nyingine kijitabu hicho kinafika Dar es Salaam ndani ya kiboksi cha mbele pamoja na risiti za barabara kuu na tambi za kusafishia masikio. Likipita mnadani linaandikiwa karatasi yenye alama na mchoro wa kila mkwaruzo. Kenya wanakataa kuingiza gari lililopita miaka minane. Sisi tunaliruhusu na kulitoza kodi ya uchakavu juu yake, ndiyo maana WRX za zamani zipo nyingi kwetu. Tunachofanya ni kupokea gari lenye wasifu mrefu kuliko wa waombaji wengi wa kazi, halafu tunautupa wasifu.

Mwaka jana nilimsindikiza mwanafunzi mwenzangu kuangalia WRX kwenye yadi moja. Dashibodi ilisoma kilomita 84,000. Muuzaji akafungua bonneti na kusema ile sentensi. Gereji za Japani zikibadilisha mkanda wa taimingi hubandika stika ndani ya chumba cha injini, na pale kwenye kifuniko cha plastiki ilikuwepo, imefifia, pembe moja imebanduka. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu ni zilezile tunazotumia sisi: mwaka wa 24, mwezi wa 6, na 101,350. Mwaka wa 24 ni wa enzi ya Heisei, yaani 2012. Mkanda ulibadilishwa mwaka 2012 gari likiwa na kilomita 101,350, na leo gari hilohilo lina kilomita 84,000. Limekuwa likirudi nyuma.

Nikamuonyesha. "Dada yangu," akasema kwa upole kabisa, "hizo ni namba za kiwandani."

Aliyezichezea kilomita, popote alipo, alifuta jambo moja zuri lililokuwa kwenye gari lile. Mkanda uliobadilishwa kwa wakati, na wenye gereji, na stika ya kuthibitisha! Nchi nyingine stika ile ingepigwa picha ikawekwa ya kwanza kwenye tangazo. Hapa ilibaki kwa sababu tu hakuna aliyejua ni kitu gani. Mwenzangu hakununua, na yadi ilikuwa imejaa wateja wengine.

Kaka yangu alinunua. Septemba 2023, mimi nikiwa Dodoma nakusanya data ya tasnifu, alilipa shilingi 13,500,000 kwa WRX ya mwaka 2005. Milioni nane kati ya hizo zilikuwa mkopo wa SACCOS, na mdhamini wake alikuwa mama, mwalimu aliyebakiza miaka minne kustaafu. Dalali alimpa sifa zote na kuzimalizia na ileile. Kaka alikwenda na rafiki yake anayejua rimu. Mjomba hakuulizwa, kwa kuwa mjomba, kwa maneno ya kaka, angeanza mahubiri.

Wiki ya kumi na moja, akitoka Morogoro, amepita Chalinze, alianza kusikia mlio kama wa msumari unaogonga kengele ya shule. Akaongeza redio. Kilomita tatu mbele injini ikanyamaza. Gari lilifika Ilala juu ya gari la kubebea usiku wa manane, na asubuhi mjomba akalifungua akiwa hajasema neno, jambo ambalo kaka anasema lilikuwa baya kuliko mahubiri.

Mimi nilifika siku ya pili. Stiki ilikuwa kavu. Kwenye sampu kulikuwa na oili kidogo nyeusi yenye kumeta, na ukiichezesha kwenye mwanga unaona vumbi la shaba. Hizo zilikuwa beringi. Moja ilikuwa imezunguka ndani ya konrodi na kuikata krenki mifereji. Mkanda wa taimingi ulikuwa na nyufa kama kisigino cha kiangazi, na kichujio cha boliti ya turbo kilikuwa kimekuwa ukuta. Mjomba aliangalia boliti za hedi kwa tochi, akapitisha kidole, akasema, "Hii kweli haijawahi kuguswa."

Kaka akampigia dalali. Jibu nililisikia mwenyewe, simu iliwekwa sauti kubwa: "Bosi wangu, mimi nilikwambia haijafunguliwa. Sasa si mmeifungua nyie?"

Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili. Kisheria ya lugha, kama kuna sheria hiyo, mtu yule hakusema uongo. Alitoa taarifa sahihi ya hali ya injini. Waliosikia ndio waliotafsiri "haijahudumiwa" kuwa "nzima", na walitafsiri hivyo kwa sababu mtaa mzima umekubaliana kutafsiri hivyo. Madalali hawakuitunga sentensi hii peke yao. Wateja ndio wanaoilipia.

Akiba ya mama bado imeshikiliwa. Hiyo ndiyo kanuni ya udhamini na yeye hajalalamika, isipokuwa kila mwisho wa mwezi anauliza, kana kwamba amekumbuka tu, gari la kaka linaendeleaje.

Mtu ataniambia kuwa nadai mambo ya ulaya. Basi twende huko tuone wanafanyaje na magari yenye sifa mbaya kuliko Subaru. Porsche Boxster na 911 za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 zina beringi moja nyuma ya injini, kwenye shafti ya kati. Ikivunjika, injini imekwisha. Marekani ilifika mahakamani na ikaishia kwenye makubaliano ya fidia mwaka 2013. Leo mnunuzi wa Boxster ya zamani kule anauliza kwanza kabisa: beringi ile imebadilishwa? Nani alibadilisha? Risiti iko wapi? Na muuzaji aliyeibadilisha anaandika hivyo juu kabisa ya tangazo, kwa sababu inamwongezea bei. Mazda RX-8 ni kisa kingine. Injini yake ya rota inachoma oili kwa makusudi, inairushia ndani ili ilainishe sili zake, na sili zikichoka kompresheni inakufa. Kwa magari ya 2004 hadi 2008 Mazda yenyewe iliongeza dhamana ya injini Marekani mpaka miaka minane au maili 100,000. Ukitaka kuuza RX-8 kwa mtu anayejua, unampa karatasi ya vipimo vya kompresheni kabla hajaomba. Magari yote mawili yana udhaifu wa kuzaliwa nao. Kilichobadilika ni kwamba udhaifu ukishajulikana, kazi ya kuutibu ikawa mali.

Na risiti haihitaji utajiri. Mjomba anaandika zake kwenye daftari la karatasi nyepesi lenye kaboni: tarehe, kilomita, kilichotolewa, kilichowekwa, sahihi. Kuipiga picha na kuituma kwa WhatsApp ni bei ya kifurushi cha siku. Kinachokosekana ni mtu wa kuitaka. Mwenye gari akitumia milioni moja na nusu kwenye mkanda, pampu ya maji, gasketi na boliti zile, akienda sokoni anakuta jirani yake aliyetumia laki nne kupaka rangi na kuweka rimu za dhahabu anauza haraka na kwa bei ya juu. Safari ijayo na yeye atapaka rangi. Mchumi George Akerlof aliandika makala juu ya hili mwaka 1970, na mfano alioutumia ulikuwa ni huohuo wa magari yaliyotumika: muuzaji anajua asichokijua mnunuzi, basi mnunuzi analipa bei ya wasiwasi, basi mwenye gari zuri anajitoa sokoni, yanabaki mabovu. Baadaye alipata Nobeli. Alichokihitaji ni mchana mmoja tu kwenye yadi zetu.

Ndiyo maana wale wanaojibu kila kitu kwa "Subaru ni mbovu, nunua Toyota" wananichosha karibu sawa na madalali. Kwanza, wanayalinganisha magari mawili yenye kazi tofauti. Gari la mbio limebanwa mpaka karibu na ukomo wake kwa makusudi, na bei ya raha hiyo ni uangalizi. Pili, ushauri wao unamwachia huru kila mtu. Fundi aliyemimina oili nzito ya lori kwa sababu "inakaa zaidi" hana kosa, aliyejaza maji ya bomba kwenye rejeta ya injini ya aluminiamu hana kosa, aliyerudisha kilomita hana kosa. Kosa ni la nembo yenye nyota sita.

Kaka sasa anauza, ili mama apate akiba yake. Tulikaa barazani kwa mjomba jioni moja kuandika tangazo, na kaka alitaka kuandika tu kwamba gari ni zima na lina injini nzuri. Mjomba akakataa kutoa risiti kama tangazo halitakuwa na ukweli wote. Nikapewa kazi ya kuandika mimi, kwa kuwa ndiye msomi. Liko hivi:

"Subaru Impreza WRX, 2005, turbo, lita 2.0. Injini IMEFUNGULIWA. Ilinoki Desemba 2023 kwa kuishiwa oili. Imewekwa krenki nyingine, beringi mpya, ringi mpya, gasketi mpya, mkanda wa taimingi na puli zake, pampu ya oili na ya maji. Bomba na boliti za oili ya turbo zimetolewa na kusafishwa. Risiti zote zipo, picha za kazi zipo, fundi yupo na utaongea naye. Kilomita kwenye dashibodi hatuziamini. Tangu ifungwe imetembea 9,400. Inapunguza oili karibu nusu lita kila kilomita 3,000, pima kila unapojaza mafuta. AC haigandishi. Klachi itahitaji kubadilishwa ndani ya mwaka. Shilingi 14,800,000."

Limekaa wiki sita. Watu kumi na tatu wamepiga simu. Kumi na moja waliuliza kwa nini ilifunguliwa, wakaambiwa imeandikwa, wakakata. Mmoja alitoa milioni nane, "kwa sababu imeshapasuliwa hiyo." Wa kumi na tatu anatoka Kibaha, anakuja Jumamosi na fundi wake, na kabla ya kuuliza bei ya mwisho aliuliza tunaweka oili gani.

Mjomba ameniambia niwe pale saa tatu, nije na daftari.